Kivuli Kwenye Mtulinga

Kosa la kwanza la mashine lilikuwa nywele. Pascaline aliligundua mjini Kasongo, utafiti ukiwa bado mchanga, baada ya kompyuta kudai kwamba wanawake kadhaa wa mtaa mmoja wana kifua kikuu, na wote mahali pamoja: kwenye ncha ya pafu, pale linapopanda nyuma ya mtulinga, mfupa ule unaotoka kooni kwenda begani. Makohozi yao yalipopimwa yalikuwa safi. Wenyewe hawakuwa wakikohoa. Walikuwa wakiuza unga na samaki sokoni, wakishangaa kwa nini wanaitwa mara kwa mara. Pascaline alikuwa amesomea fizikia ya tiba. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba miale ya eksirei inatoa picha ya kweli kwa kipimo kidogo iwezekanavyo. Alizirudia picha zile hadi akaona jambo ambalo kompyuta haikuliona. Kivuli hakikuishia kwenye pafu. Kilivuka mtulinga kikapanda shingoni, na shingoni hakuna pafu.

Ilikuwa misuko. Wanawake wale walikuwa wamesukwa kwa nyuzi nyeusi, nywele zimekazwa kama kamba na kuangushwa mabegani, na chini ya vitambala vyao misuko hiyo ilizuia miale kiasi cha kuacha kivuli chepesi kwenye picha. Kompyuta ilikuwa imefundishwa kusoma vifua kwa picha za watu wa nchi nyingine. Nyuzi za Kasongo haikuzijua.

Dawa ya kosa hilo ingekuwa rahisi: kumwomba kila mwanamke avue kitambala na kukusanya nywele utosini. Lakini fundi wa picha alikuwa Roger, mwanamume, na Dokta Nuru, mkuu wa utafiti, alikuwa amewaahidi wazee wa familia za Kiislamu kwamba hakuna mwanamke atakayefunuliwa kichwa mbele ya mwanamume. Nuru alizaliwa katika familia hizo hizo. Alijua kwamba bila ahadi ile wanawake wa mjini wasingekuja, na utafiti wa mapafu usio na wanawake ungekuwa nusu ya utafiti. Basi Roger akajifunza kusema, kila mara mwanamke alipoingia, kwamba kitambala kibaki, hakina shida. Na Pascaline akatunga kanuni: kivuli chepesi kwenye ncha ya pafu la mwanamke mwenye kitambala, kikivuka mtulinga na kuingia shingoni, ni nywele, na kompyuta isisikilizwe. Kanuni hiyo iliwaepusha watu wasio wagonjwa na dawa za miezi sita ambazo hawakuzihitaji. Nuru aliisifu mbele ya wageni waliotoka Kinshasa, na hakuzidisha.

Kisha kazi ikahamia Lusangi, kwenye dhahabu, na ahadi ya Kasongo ikahamia nayo. Huko hakuna aliyeiomba. Wanawake wengi wa machimbo walikuwa Wakristo, wakulima wa asili walioacha mashamba kwa ajili ya mawe, nao walivua na kuvaa vitambala vyao mbele ya yeyote. Lakini Roger alikuwa amezoea, na hakuna aliyefikiria kumwambia aache.

Kilichowapeleka Lusangi kilikuwa vumbi. Wanaume hutoa shimoni mawe meupe yenye dhahabu. Wanawake huyatwanga katika vinu vya chuma, na mchi ni kipande cha ekseli ya lori. Hutwanga chini ya turubai zilizofungwa pande zote, kwa sababu upepo ukiingia unachukua unga, na dhahabu iko ndani ya unga. Jioni hutoka humo weupe, kope na nyusi, kama watu waliopakwa chokaa.

Ndani ya pafu kuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza. Humeza moshi, vumbi, vijidudu. Seli ikimeza kijidudu, mara nyingi hukiua. Ikimeza chembe ya jiwe, haiwezi kuiyeyusha. Chembe huipasua, na seli inapokufa humwaga kemikali za kuwaita wenzake. Wenzake huja, humeza chembe ile ile, hufa. Pafu huvimba kwa vita visivyo na adui, na kila palipovimba pakipona huacha kovu. Nuru alitaka kujua kwa nini kwa watu wengine vita hivyo huenda haraka na kwa wengine polepole, na kwa nini kifua kikuu kinapata nafasi hasa kwenye mapafu ya aina hiyo. Alihitaji picha za vifua, na alihitaji makohozi, ili azipake rangi seli zilizomo na kuzitazama kwa hadubini.

Walipewa darasa moja la shule ya misheni. Siku ya kwanza, mwanamke wa kwanza kuingia alikuwa Albertine, mtu mzima mwenye mabega mapana, aliyetwanga kuliko wote na kusema kuliko wote. Aliitazama mashine mkononi mwa Roger.

"Hii ndiyo masini? Walisema iko kubwa. Hii ni kama ya foto za harusi."

"Ni ndogo, mama, lakini inaona mpaka ndani."

"Inaona na roho mbaya?"

"Mapafu tu."

"Basi bwana yangu anaweza kuja. Hana cha kuogopa."

Wanawake waliosubiri mlangoni walicheka. Roger akasema kitambala kibaki, hakina shida, akageuza uso pembeni wakati Albertine akijipanga mbele ya ubao wa darasa, palipotundikwa bamba la kupokea picha.

"Mbona unageuka?" Albertine alimuuliza. "Mimi nina wajukuu. Wewe mutoto unaogopa kitambala kuliko umeme."

Picha yake ilionyesha makovu madogo madogo ya jiwe, kama walivyotarajia, na kivuli cha misuko kilichopanda hadi sikioni. Pascaline aliitumia kumwonyesha Roger kwa mara nyingine nywele zinafananaje. Kisha akauliza kuhusu jina lililofuata. Lilikuwa la Rosine, naye hakuwepo.

"Rosine iko Wamaza, kwa kilio," Albertine alisema. "Mama yake amekufa. Mimi na yeye ni baba mumoja, mama mbalimbali. Atarudi juma ingine."

"Poleni," Pascaline alisema.

"Asante. Lakini yule mumuangalie kuliko mimi. Akikohoa anakaa chini. Anasahau na jina yake."

Nuru aliomba kuona mahali pa kutwangia. Albertine aliwapeleka chini ya turubai lake, na kabla hajashika mchi akachovya kidole kwenye kichupa cha mawese, akaelekeza uso juu, akadondosha mafuta kwenye pua zote mbili, akavuta kwa nguvu. Wenzake walifanya vivyo hivyo, bila kukatiza mazungumzo.

"Hiyo ni ya nini?" Nuru aliuliza.

"Ya kushika vumbi. Ukikosa kuweka, unarudi nyumbani na jiwe kwenye kichwa. Na jioni tena, ya kusafisha."

"Mnaweka kila siku?"

"Dokta, na wewe unaosha uso kila siku, sivyo?"

Nuru alikichukua kile kichupa, akakinusa. Alikuwa ameelewa. Mafuta yakivutwa kwa pua hayaishii puani. Hushuka, na seli zile zile zinazomeza jiwe humeza na mafuta, nayo pia haziwezi kuyamaliza. Aliomba makohozi ya kila mwanamke wa turubai lile.

Rosine alikuja wiki iliyofuata, nyuma ya Albertine. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na ushee, mrefu, mikono bado minene kwa kutwanga, lakini mifupa ya kifua ilikuwa imejitokeza juu ya kanga. Kichwani alikuwa amefunga kitambala cheusi, kimekaza hadi kwenye nyusi. Walimvutisha mvuke wa maji ya chumvi ili makohozi ya chini yapande, naye akakohoa hadi akashika ukuta.

"Nilikuwa mutwangaji mukubwa," alimwambia Pascaline alipopata pumzi. "Yaya Albertine, dada yangu mukubwa, alikuwa ananifuata nyuma."

"Uongo," Albertine alisema. "Lakini nakuachia, unaumwa."

"Unataka nini, mama?" Pascaline alimuuliza Rosine. Lilikuwa swali la utaratibu, waliwauliza wote.

"Nataka nilime. Kutwanga nimeacha. Shamba ya mama kule Wamaza imebaki, ni mimi tu wa kuilima. Kama nitakohoa hivi, itakuwa ya wengine. Munipe tu pumzi ya kulima."

Alisimama mbele ya ubao. Mkono wake ulipanda hadi kisogoni, kwenye fundo la kitambala, akaanza kulifungua.

"Hapana, mama," Roger alisema, tayari akitazama pembeni. "Kibaki, hakina shida."

Rosine akashusha mkono.

Picha ilitoka vizuri. Mipaka yake ilikuwa finyu kuliko ya waliotangulia, kama Pascaline mwenyewe alivyokuwa akimhimiza Roger: miale ikomee juu tu ya kifua, shingo isipate kipimo isichokihitaji, kwa sababu kooni kuna tezi inayodhurika upesi. Sehemu za chini za mapafu yote mawili zilikuwa na ukungu mzito. Kwenye ncha ya pafu la kulia kulikuwa na kivuli chepesi, na kompyuta ilitoa alama ya juu ya kifua kikuu. Pascaline alikitazama kivuli. Kilifika kwenye mtulinga. Hapo picha ilikatika. Kama kilivuka au hakikuvuka, picha haikusema.

Aliwaza kurudia. Lakini kurudia ni kumpa mtu miale mara mbili, na yeye ndiye aliyekuwa akiwakemea mafundi wanaorudia ovyo. Betri ilikuwa imeshuka. Nje walisubiri watu wengi. Tena mwanamke huyu alikuwa na kitambala, na siku hiyo wanawake wenye vitambala waliomtangulia walikuwa na kivuli kama hicho, wote nywele. Alizingatia yote hayo kwa muda mfupi, kama anavyofanya mtu mwenye uzoefu, akaamua.

"Ya juu ni nywele, karibu hakika," alimwambia Nuru. "Ya chini ni kitu."

"Ya chini najua ni nini," Nuru alisema.

Kasongo, katika chumba cha maabara, Nuru alipaka rangi makohozi ya Rosine na kuweka kioo chini ya hadubini, kisha akamwita Pascaline. Seli za kinga zilikuwa kubwa, zimetuna, na ndani yake kulikuwa na matone mengi mekundu: rangi ile hushika mafuta tu. Pembeni ya matone, katika seli chache, zilionekana chembe kali zinazong'aa. Jiwe na mawese katika seli moja. Hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kuona kitu kama hicho.

"Hili ni jambo jipya," Nuru alisema. Kwake hayo yalikuwa maneno makubwa.

Kipimo cha kijidudu cha kifua kikuu kilirudi hakioni kitu. Akatuma makohozi mengine. Jibu likawa lile lile. Basi likabaki swali la dawa. Kuna vidonge, prednisoloni, vinavyotuliza seli za kinga. Mgonjwa ambaye pafu lake limevimba kwa sababu ya mafuta huweza kupata nafuu kubwa kwa vidonge hivyo. Lakini kama mahali fulani pafuni kuna kifua kikuu kilichozungukwa na seli za kinga, kimefungiwa, hakitoki hata kwenye makohozi, vidonge hivyo huwaondoa walinzi.

Nuru aliyasema haya kwa sauti, kama anayejisomea.

"Makohozi ni safi mara mbili," alisema. "Uvimbe uko chini, mahali pa mafuta. Seli zimejaa mafuta. Kinachopinga ni kompyuta peke yake."

"Kompyuta inasoma nywele," Pascaline alisema.

"Una hakika?"

Pascaline alifikiri. "Picha ilikatwa kwenye mtulinga. Sikuona shingo. Lakini kitambala alikuwa nacho, na wengine wote siku ile ilikuwa nywele."

"Tukimrudisha kwa picha nyingine?"

"Barabara imekatika kwa mvua, ni pikipiki tu inayopita, na kwa hali ile hawezi kuipanda. Tutamwona tutakapokwenda tena."

"Hatafika siku hiyo," Nuru alisema. "Ulimwona anavyopumua."

Vidonge vilipelekwa Lusangi na dereva wa pikipiki, pamoja na maagizo kwa muuguzi wa kituo cha afya, na amri kwamba mawese yabaki jikoni.

Matokeo yalikuwa mazuri kwa namna ambayo ni nadra katika kazi hiyo. Muuguzi alipiga simu kusema Rosine analala chali, hakeshi tena akikohoa. Baadaye akasema anakula. Baadaye tena Albertine mwenyewe akachukua simu ya muuguzi na kuzungumza kwa sauti ya mtu anayedhani simu inahitaji nguvu. Rosine amekwenda Wamaza kwa miguu, alisema, kumaliza matanga ya mama yake, na amepalilia. Amerudi na mihogo. Anajidai. "Anasema sasa nimufuate nyuma." Nuru alicheka, akaandaa maelezo ya mgonjwa huyo kwa ajili ya mkutano. Turubai zima lilitaka vidonge vile. Nuru alikataa, alitaka kwanza kumwona Rosine kwa macho yake.

Kisha simu zikaacha kuja. Zilipoanza tena zilikuwa za muuguzi tu. Homa. Jasho. Damu kidogo kwenye makohozi, halafu si kidogo. Nuru alisema aletwe siku hiyo hiyo. Aliletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa kanga katikati ya dereva na Albertine. Njia yote alilalamikia kichwa, na walipovuka mto wa mwisho alikuwa ameacha kulalamika.

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda karibu na dirisha. Shingo yake ilikuwa imekakamaa, haikukubali kuinamishwa. Pascaline alikuwa amekuja na Roger na mashine. Muuguzi wa wodi, akitaka kumpoza homa, alifungua fundo la kitambala cheusi na kukiweka kando, akapitisha kitambaa cha maji utosini.

Kichwa kilikuwa na nywele fupi, sawasawa pande zote, kama za mtoto aliyenyolewa akaanza kuota tena.

Pascaline alisimama na waya mkononi.

"Alinyoa lini?" aliuliza.

Albertine alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, vumbi la njia bado usoni. "Kwa kilio. Wamaza. Ni mama yake, watoto wote walinyoa. Si nilikuambia alikuwa kwa kilio?"

"Uliniambia."

"Na wewe ni mutu wa hapa. Kwenu hawanyoi?"

Kwao walinyoa. Bibi yake Pascaline alipokufa, mama yake alifunga kitambala cheusi namna hiyo hiyo, hadi kwenye nyusi, na Pascaline, akiwa msichana, alihisi ubaridi wa kile kichwa alipombusu. Alijua desturi hiyo kabla hajajua neno eksirei. Alikuwa ameambiwa kuna kilio. Alikuwa ameona kitambala cheusi. Alikuwa ameona mkono ukipanda kukifungua. Ukweli wote ulikuwa mbele yake siku ile, na kanuni yake ilimjibu kabla hajauliza.

"Roger," alisema. "Piga. Fungua mipaka mpaka kidevuni."

Roger alipiga. Hakugeuza uso. Kwenye picha, kivuli cha kulia kilikuwa kimekuwa kizito na katikati yake kuna shimo. Kilipanda hadi kwenye mtulinga na hapo kikaisha. Shingo ilikuwa tupu. Mahali pengine pote, kutoka juu hadi chini, mapafu yalikuwa yamenyunyiziwa vidoa vidogo kama punje za mtama, na hivyo havikuwa jiwe wala mafuta.

Nuru aliingia akitoka maabara. Pascaline alimpa picha mbili, ya Lusangi na ya leo, akamwambia mambo kwa mpangilio: kilio, kunyoa, picha, kipimo cha mipaka, kitambala. Hakuongeza neno la kujitetea wala la kujilaumu. Nuru alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hakukuwa na nywele," alisema.

"Hazikuwepo."

"Na mimi niliondoa walinzi."

"Ndiyo."

Nuru aliitazama ile picha ya kwanza. "Mafuta yalikuwepo kweli," alisema. "Hilo halikuwa kosa. Tulitafuta ugonjwa mmoja, tukaupata." Kisha akaandika dawa za kifua kikuu. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umefika kwenye utando wa ubongo, tiba ilitaka pia zile zile prednisoloni ziendelee, safari hii zikiwa zimefuatana na dawa ambazo zingepaswa kutangulia. Alimweleza muuguzi mara mbili, kwa sababu muuguzi alidhani amekosea.

Rosine hakuzungumza tena. Mara moja tu, mchana, alifungua macho na mkono wake ukapanda hadi kisogoni kutafuta fundo. Albertine alimfunga kile kitambala, polepole, akakikaza. Rosine alikufa kabla wiki haijaisha. Ndugu walitaka azikwe Wamaza, kando ya mama yake, kwenye lile shamba, na ilikuwa hivyo.

Nuru hakukaa kimya. Aliondoa kazi yake kwenye mkutano. Aliwaandikia wakubwa wa utafiti yaliyotokea, bila kupunguza, nao wakasimamisha picha zote hadi utaratibu ubadilike. Alikwenda tena kwa zile familia za Kasongo na kuwaambia kwamba ahadi yake itabaki kwa njia nyingine: atakuwepo mwanamke wa kupiga picha, nyuma ya pazia, na mbele yake kila kitambala kitavuliwa. Wengine walikubali. Wengine walimuuliza kwa nini hakufikiria hivyo mwanzoni. Pascaline alijifunza kushika mashine mwenyewe kama fundi, na kanuni ya nywele akaifuta.

Barabara ilipokauka walirudi Lusangi. Nuru alitaka kuzungumza na wanawake kabla ya kazi yoyote. Wachache walikuja darasani. Albertine alikaa dawati la mbele, magoti yamebana, kitambala cheusi hadi kwenye nyusi.

Nuru alianza na mawese. Alieleza yanavyoshuka, seli zinavyoyameza, na kwa nini turubai lifunguliwe upande mmoja na jiwe linyunyiziwe maji kabla ya kutwangwa. Mmoja akasema jiwe bichi linagandisha unga kinuni. Mwingine akasema pua bila mafuta zinatoka damu. Nuru alisema atatafuta vitambaa vya kufunga pua. Hakuna aliyefurahi.

"Ni nini ilimuua Rosine?" Albertine aliuliza.

"Kulikuwa na uvimbe kwenye mapafu," Nuru alisema, "seli za kinga zilikuwa zimejaa..."

"Dokta. Hapana seli. Sema kama mutu."

Nuru aliweka chini kalamu. "Alikuwa na magonjwa mawili. Tuliona moja. Dawa niliyompa ya moja ilifungulia lile lingine. Bila dawa yangu angeishi zaidi. Siwezi kukuambia kiasi gani."

Nje, vinu viliendelea.

"Na picha?" Albertine alimgeukia Pascaline. "Picha ilionaje?"

"Picha iliona," Pascaline alisema. "Mimi nikasema ni nywele."

"Alitaka kufungua," Albertine alisema. "Nilikuwa hapo mulangoni. Alishika fundo, yule mutoto akamuambia kibaki. Nikacheka."

Roger, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alitoka nje.

Wanawake wawili waliondoka pia, bila kuaga. Waliobaki walitazamana. Nuru alisema hakuna anayelazimishwa, na kwamba anayetaka kwenda aende kwa amani. Albertine aliinuka. Ilionekana kama naye anaondoka. Alifika kwenye ubao, akasimama mahali aliposimama mara ya kwanza, akapeleka mikono kisogoni na kufungua fundo. Kitambala kilishuka mabegani. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa hadi kwenye ngozi, na kwa mtu mwenye mabega kama yale kilionekana kidogo.

"Ni kwa ajili yake," alisema. "Sasa angalia vizuri. Na mimi nimeanza kukohoa."

Pascaline alifungua mipaka hadi kidevuni. Alimwomba avute pumzi, ashike. Alipiga.

Picha ilijitokeza kwenye kioo cha kompyuta polepole, kutoka juu. Shingo kwanza: tupu. Mtulinga. Chini ya mtulinga, upande wa kushoto, pale ambapo mara ya kwanza misuko ilikuwa imefunika kila kitu, kulikuwa na kivuli chepesi, kidogo kuliko ukucha. Pascaline aliita ile picha ya zamani na kuiweka kando yake. Chini ya kamba za nywele, kwa mtu anayejua sasa pa kutazama, kilikuwepo tangu wakati ule.

Kompyuta ilitoa alama yake. Safari hii hakuna aliyeipinga.

"Iko?" Albertine aliuliza.

Pascaline alikigeuza kioo ili auone mwenyewe upande wa kushoto wa kifua chake. "Iko," alisema. "Makohozi tutayapima. Lakini dawa utaanza leo, za kifua kikuu. Na ile nyingine hutapewa."

Albertine aliinama, akatazama kwa karibu, kama anayetafuta chembe ya dhahabu kwenye unga. Kisha akachukua kitambala chake begani, lakini hakukifunga. Aliketi nacho mapajani, akisubiri vidonge.

Nyuma yake mwanamke aliyefuata alikuwa ameshasimama. Vidole vyake vilikuwa kisogoni, vinahangaika na fundo lililokazwa, na mwenzake aliinuka kumsaidia.